Kifungo Namba Mbili

Saa tatu kasorobo asubuhi ya Jumatatu, Inspekta Thuo alimkuta Dishon Makokha amesimama katikati ya seli, mkono mmoja umeshika suruali isiteremke. Mkanda na viatu vyake vilikuwa kaunta. Mle ndani walikuwa watu tisa, na nafasi ya kuketi ilikuwa ya wanne, wale wanne waliotangulia kufika na ambao hawakuwa na haraka ya kwenda popote.

"Makokha. Njoo."

Wakaenda kukaa kwenye stoo ya kituo, kati ya baiskeli zisizo na wenyewe na mitungi ya pombe ya chang'aa iliyokamatwa. Stoo haikuwa na dirisha. Siku zote Thuo aliipendea hilo; mtu akihojiwa pale hupata hamu ya kusema ili atoke. Leo hamu ya kutoka ilikuwa yake mwenyewe. Saa nane mchana Makokha alitakiwa kusimama mbele ya hakimu, na mkubwa wa kituo alikwisha kata kauli: ushahidi upo, mtu yupo, faili ifungwe. Akishasomewa mashtaka atapelekwa rumande, na huko rumande mtu husahaulika hata jina.

Tatizo lilikuwa moja. Thuo hakumwamini mtu aliyemshtaki kijana huyu, na hakuwa na sababu hata moja ya kuandika kwenye faili.

"Umelala?"

"Hapa hakulaliki, afande. Usimame ulale, au ulale usimamiwe."

Thuo aliiweka karatasi juu ya gunia. Ilikuwa karatasi ya kompyuta, ile yenye matundu pembeni na mistari ya kijani, imechanwa kwenye mkunjo. Mistari mitatu ilikuwa imechapwa kwa herufi kubwa za mashine. Ijumaa, saa nne na dakika kumi na tisa asubuhi, kabati namba mbili, diski namba 0417. Jina limetolewa, jina limewekwa. Jina limetolewa, jina limewekwa. Katika mstari wa tatu, mjane mmoja wa Kiamaiko aliyesubiri nyumba miaka sita alikuwa ametolewa, na mahali pake pakaandikwa Asenath Makokha.

"Asenath ni mke wako."

"Ndiye."

"Na sasa yuko pale nje kwenye benchi na chupa ya uji, tangu alfajiri. Haya. Nieleze tena. Polepole, kama unayemweleza mama yako."

"Mama angekuwa ameshaelewa, afande." Dishon akajuta papo hapo. "Samahani."

"Endelea tu."

Basi akaeleza. Chama cha nyumba alichofanyia kazi, kule upande wa Baba Dogo, kilikuwa kinajenga nyumba sitini na nne, na orodha ya watakaozipata ilihifadhiwa kwenye diski. Diski zenyewe zilikuwa kubwa, za kubebwa kwa mshikio kama chombo cha keki, kila moja na kifuniko chake cha plastiki. Kifuniko cha kijani, orodha ya nyumba. Kifuniko cha buluu, orodha ya matengenezo katika nyumba za zamani, mabomba na paa zinazovuja. Ukitaka kufanya kazi unaitia diski kwenye kabati, unafunga mlango wa juu, inazunguka. Makabati yalikuwa mawili, la kushoto na la kulia. La kushoto ni namba moja, la kulia ni namba mbili.

"Na Ijumaa wewe ulitia saini kabati gani?"

"La kulia. Bosi aliniambia, leo chukua la kulia, la kushoto nina kazi nalo."

"Namba mbili."

"Namba mbili. Lakini, afande, mimi nilitia diski ya buluu. Ya matengenezo. Sikuigusa ya kijani, naapa kwa Mungu."

"Wacuka, karani, alikiona kifuniko cha kijani kimewekwa juu ya kabati lako."

"Kifuniko kinakaa popote! Nilitoka kwenda msalani, nikarudi, nikakikuta. Nikadhani bosi amekiweka tu."

"Na kufuli?"

Hapo ndipo Dishon aliposhikwa. Makabati yale yalikuwa na swichi ya kuruhusu kuandika. Bila swichi hiyo diski husomeka tu, haibadiliki. Chama kilikuwa kimemtafuta fundi wa Gikomba akatengeneza vibati vya chuma vya kuzifunika swichi zile, kila kibati na kufuli yake. Mwenye kutia saini kabati ndiye hupewa ufunguo wake.

"Ufunguo wa kulia ulikuwa mfukoni mwangu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nilifungua, kwa sababu fundi wa bomba alikuja nikawa naandika kazi alizomaliza. Sitakudanganya."

Ndiyo shida ya mtu asiyedanganya, Thuo aliwaza. Anakuachia kila mlango umefungwa.

*

Kinyanjui, meneja wa kompyuta na bosi aliyemshtaki Dishon, alimpokea Thuo kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mnene, mtaratibu, aliyevaa sweta wakati Nairobi yote inatoka jasho, kwa kuwa chumba chake kilipozwa kwa mashine usiku na mchana. Walipoingia aliufunga mlango, akazungusha ufunguo.

"Vumbi, Inspekta. Hizi mashine haziwezani na vumbi la Baba Dogo." Akatabasamu. "Wakiuru hajambo?"

Thuo alimwangalia. Hakukumbuka kuwahi kumtajia mtu huyu jina la mke wake.

"Hajambo. Mnafahamiana?"

"Nairobi ni ndogo. Aliwahi kuleta fomu hapa, zamani, mwaka wa sabini na tisa nadhani. Wengi wamesubiri. Mungu atafungua njia."

Chumba hakikuwa na dirisha la nje, ila kioo kimoja cha kutazama ukumbini, na chini yake tundu la kupitishia karatasi. Makabati mawili yalisimama ukutani yakinguruma. Mbele ya kila moja, kwa juu, kulikuwa na taa ndogo yenye namba. Kushoto, 1. Kulia, 2. Vibati vya fundi wa Gikomba vilining'inia na kufuli zake. Wacuka, karani, msichana mwembamba mwenye macho ya kuomba radhi, alikuwa akipiga kibodi bila kuinua kichwa.

Thuo alifungua daftari lake.

"Ni mambo ya utaratibu tu, Bwana Kinyanjui. Ijumaa, kati ya saa tatu na saa tano, Makokha alifanyia kazi kabati lipi?"

"La kulia."

"Alisogea kwenda la kushoto?"

"Hata hatua moja. Mimi nilikuwa hapa, naona kila kitu. Alikuwa la kulia asubuhi nzima."

"Na la kushoto?"

"Langu. Nilikuwa nakagua kitu. Ufunguo wake haujawahi kutoka mfukoni mwangu." Akaupiga mfuko kwa upole. "Nisingependa kusema mabaya juu ya kijana. Ana akili. Lakini hao wenye akili ndio hujaribiwa."

"Utaniwekea saini hapo?"

"Kwa moyo mkunjufu."

Akatia saini, herufi kubwa za mviringo. Thuo akaomba kuona ukurasa uliofuata ule wenye mistari mitatu, kwa kuwa waliotolewa kwenye orodha walisemekana kuwa kumi na mmoja, wala si watatu. Kinyanjui akasikitika sana. Ukurasa ule na diski yenyewe vilikuwa vimefungwa kwenye sefu hadi mahakamani, kwa ajili ya kulinda ushahidi. Thuo angeweza kumshinikiza, ila simu ya ukumbini ililia, mtu akaita jina la meneja, naye akatoka akiufunga mlango nyuma yake. Thuo alisikia ufunguo ukizunguka.

"Ametufungia?" akauliza.

"Hufunga kila mara," Wacuka alisema. "Mazoea."

Walibaki wawili na ule mngurumo. Thuo hakupenda. Alijikuta anauangalia mlango mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

"Dada, mimi si mtu wa mashine. Nisaidie kitu kimoja. Kompyuta inajuaje kwamba diski iliyotiwa ni ya kijani?"

"Haijui rangi." Msichana aliacha kupiga kibodi. "Rangi ni yetu sisi. Diski ikiletwa mpya, siku ya kwanza kabisa huandikwa namba ndani yake, pale mwanzoni. Hiyo ya nyumba ni 0417. Ya matengenezo ni 0532. Ukiitia popote, kitu cha kwanza mashine inafanya ni kusoma hiyo namba. Hata ukibadilisha vifuniko, hata ukiiandikia jina lingine juu na kalamu, ndani inabaki ile ile."

"Basi tunajua 0417 ndiyo iliyobadilishwa, na ilikuwa kabati namba mbili. Na namba mbili ni hili la kulia."

Wacuka aliutazama mlango. Kisha alisimama haraka, akaenda kwenye kabati la kulia lililokuwa tupu, akashika ile taa ya namba mbili na kuivuta. Ikatoka. Ilikuwa kifungo tu cha plastiki, ukubwa wa kizibo cha soda, chenye namba juu na meno ya shaba nyuma. Akakiweka kwenye kiganja cha Thuo.

"Namba mbili ni hii hapa, afande. Unaishika."

Thuo alikiangalia kile kifungo, akaliangalia kabati lililobaki na tundu tupu.

"Na hili sasa ni la ngapi?"

"Halina namba. Mashine hailioni mpaka urudishe." Alizungumza upesi, kama maji yaliyofunguliwa. "Programu ya nyumba ni ya zamani. Imeambiwa, tafuta orodha kwenye mbili. Basi. Haiangalii diski gani, inaangalia mbili tu. Mwezi wa pili kabati la kulia liliharibika. Badala ya kuita watu waibadilishe programu, bosi alitoa hiki kifungo akakichomeka la kushoto. La kushoto likawa mbili, kazi ikaendelea. Tangu hapo tunahamisha vifungo tu. Imekuwa kawaida yetu."

"Kwa hiyo Ijumaa..."

"Mimi sijui ya Ijumaa. Sikuangalia namba. Nani huangalia namba? Nilileta chai, nikaona kijani kwa Dishon, nikasema kijani. Sasa nasikia yuko ndani." Macho yalimjaa. "Nina mtoto, afande. Nikifukuzwa hapa sina pa kwenda. Usiandike jina langu."

"Programu ya Dishon, ya matengenezo, nayo inatafuta namba ya kabati?"

"Hapana. Hiyo aliiandika mwenyewe. Alichoka na vifungo. Ya kwake inapita kabati moja moja ikiuliza, wewe ni 0532? Ikipata, inafanya kazi, popote ilipo. Ndiyo maana hata vifungo vikihamishwa, yeye hawezi kujua."

"Hawezi kujua," Thuo alirudia.

"Ila akichapa, juu ya karatasi ya kwanza hutoka namba ya diski, na kabati ilikopatikana, na saa."

Thuo alisogea karibu.

"Ijumaa alichapa?"

"Alichapa. Nakala za hapa bosi alizikusanya zote Jumamosi. Lakini ile nyingine alimpa fundi wa bomba, kupitia pale kwenye tundu. Phares. Anafanya kazi Shauri Moyo."

Ufunguo ulizunguka mlangoni. Wacuka alikuwa ameshakaa, vidole viko kwenye kibodi. Thuo alikirudisha kifungo mahali pake, kikaingia kwa mlio mdogo, na taa ikawaka: 2.

"Unavutiwa na mashine, Inspekta?" Kinyanjui aliuliza.

"Naogopa kuzigusa," Thuo alisema. "Nifungulie mlango, tafadhali."

*

Saa tano na nusu alikuwa Shauri Moyo, akipita kati ya nyumba alizozijua kwa harufu, maana na yeye aliishi huko huko. Chumba kimoja, watoto wanne, na bomba la pamoja lililovuja tangu mvua za mwaka jana. Alimpata Phares amelala chali chini ya karo, miguu nje.

"Phares."

"Nani huyo? Kama ni rent, mimi si mwenyeji wa hapa."

"Polisi."

Miguu iliacha kutikisika. Fundi akajitoa, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu iliyokolea grisi, akamtambua.

"Ah, ni wewe, Baba Wambui! Umenishtua, walai. Kuhusu bomba lenu, iko kwa list, namba ishirini na saba. Bado sijafika. Niko kumi na tisa."

"Sijaja kwa bomba. Nataka hiyo list."

"Sasa nikikupa list nitajuaje pa kwenda?"

"Karatasi ya kwanza. Unayo?"

"Ya kwanza nilishamaliza." Phares alikuna kidevu. "Hiyo ya kwanza, manze, sijui kama niliitupa. Jumamosi nilifungia mihogo."

Thuo aliitazama saa yake. Aliuona mlango wa stoo, na Dishon ameshika suruali yake, na saa nane.

"Fikiri, Phares. Kuna mtu yuko seli kwa ajili ya hiyo karatasi."

"Nani?"

"Makokha. Wa kompyuta."

"Dishon? Yule mpole? Aliiba nini, hewa?" Fundi aliingiza vidole ndani ya mfuko mmoja, mwingine, akageuza sanduku la vifaa, nyundo na nyuzi za katani zikamwagika. Hakuna. Kisha alisimama, akavua kofia. Ndani ya kofia, imekunjwa mara nne na kulowa jasho, ilikuwa karatasi yenye matundu pembeni. "Mihogo nilifungia ya pili. Hii ya kwanza niliweka juu ya kichwa, jua lilikuwa kali."

Thuo aliikunjua juu ya ukingo wa karo kwa vidole vya mtu anayegusa mtoto mchanga. Wino ulikuwa umechuja, lakini mstari wa juu ulisomeka. Ijumaa. Saa nne na dakika ishirini na moja. Diski 0532. Kabati 1.

Aliusoma mara tatu. Kisha akauliza:

"Ulipokuwa kwenye tundu, Dishon alikuwa amesimama kabati gani?"

"Hilo la kulia, la karibu na kalenda. Nilimngoja nusu saa, nikasoma hiyo kalenda mpaka Disemba. Hakutoka hapo. Na yule mnene wa sweta alikuwa la kushoto, amenipa mgongo."

"Utayasema hayo mbele ya watu?"

"Si ni ukweli? Nitasema. Lakini na wewe uniambie kama huyo Dishon anatoka, kwa sababu ndiye huniandikia list vizuri."

*

Saa sita na dakika arobaini Kinyanjui alifunga mlango tena na kuzungusha ufunguo. Wacuka alikuwa ametumwa nje. Thuo alitandaza karatasi mbili juu ya kabati la kushoto, ile ya mistari mitatu na ile ya jasho la Phares, na kati yake akaweka daftari lake, upande wenye saini ya mviringo.

"Nisaidie kuelewa," alisema. "Umetia saini kwamba Makokha hakuondoka kabati la kulia. Karatasi hii inasema kwamba, dakika mbili baada ya majina kubadilishwa, diski ya Makokha ilikuwa kwenye kabati linaloitwa namba moja. Yaani la kulia ndilo lililokuwa na kifungo cha kwanza. Kifungo cha pili kilikuwa wapi?"

Kinyanjui aliiangalia karatasi ya jasho.

"Kilikuwa hapa, la kushoto. Kabati lako. Ambalo ufunguo wa kufuli yake haujawahi kutoka mfukoni mwako. Hayo pia umeyatilia saini. Programu ya nyumba inajua mbili tu, basi ukaihamisha mbili ikufuate. Kisha ukamwandika mke wa mwenzako kwenye orodha, na mwenzako ukamwekea kifuniko cha kijani, karani akione."

Thuo alitarajia hasira, au magoti. Hakupata. Meneja alitoa kitambaa akajifuta mikono, taratibu, akaenda kwenye sefu. Akarudi na ukurasa wa pili.

"Uliuomba asubuhi," alisema. "Nilikuonea huruma. Chukua, usome ule wa tisa."

Thuo alishuka na kidole. Wa nne alikuwa shemeji wa mtu wa baraza. Wa sita, karani wa mahakama ile ile ya saa nane. Wa tisa, aliyetolewa alikuwa fundi cherehani wa Kiamaiko, na aliyewekwa alikuwa Wakiuru Thuo, Shauri Moyo.

"Mimi ni mtu wa tahadhari," Kinyanjui alisema. "Kila mlango ambao ningeweza kupitishwa, niliweka mtu wangu. Wawili watatu wamenishukuru. Wengine hawajui bado. Wewe hukujua, najua hukujua. Lakini nani atakuamini? Ukiifikisha hii mahakamani, swali la kwanza litakuwa, Inspekta, mke wako amefikaje hapa? Watasema tulipanga mimi na wewe, tukakosana. Ushahidi wako utageuka uchafu, na Makokha atafungwa vile vile." Akaipunguza sauti, karibu kwa upendo. "Au ukurasa huu unarudi kwenye sefu. Kijana ana umri mdogo, atapewa miezi. Wewe una watoto wanne chumba kimoja. Vyumba vitatu, Inspekta. Bomba ndani ya nyumba."

Aibu ilimpata Thuo kwa sababu alikiona kile chumba. Alikiona mara moja, bila kuombwa: Wakiuru anafungua maji jikoni kwake, hakuna foleni, hakuna ndoo. Miaka mitano alikuwa anamwambia mke wake ngoja. Alitamani mno. Na mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa sweta.

"Nifungulie," alisema.

"Umeamua nini?"

"Nifungulie mlango, Kinyanjui, kabla sijauvunja."

Alitoka na kurasa zote mbili na ile ya kofia. Mlangoni alimwambia Konstebo Maingi, aliyekuwa akimngoja kwenye Landrova, akae hapo hapo na asimwache meneja aguse sefu, diski wala kifungo.

*

Saa saba na nusu kaunta ya kituo ilikuwa imejaa. Asenath alikuwa bado kwenye benchi, chupa ya uji mapajani, haijafunguliwa. Alimwangalia Thuo bila kuuliza, kwa kuwa tangu jana alikuwa ameuliza kila aliyevaa sare.

Mkubwa wa kituo alitoa kichwa ofisini. "Thuo! Gari la mahakama linaondoka. Mtu wako yuko tayari?"

"Nahitaji kitabu cha matukio kwanza, afande."

Alikivuta kitabu, akakifungua ukurasa safi, akaandika saa. Aliandika juu ya vifungo viwili vilivyohamishwa na saini moja iliyojifunga yenyewe. Aliandika namba za diski, 0417 na 0532, na ni kabati gani kila moja ilipatikana, na jina la Phares na kofia yake. Jina la Wacuka hakuliandika. Kifungo kingeweza kuvutwa na yeyote mbele ya hakimu, hata bila ushahidi wake. Kisha akaanza kuandika walioingizwa kwenye orodha, mmoja mmoja. Kalamu ilikwenda vizuri hadi wa nane.

Ilisimama pale kwa muda. Askari wa kaunta alidhani wino umekwisha, akamsogezea kalamu nyingine.

"Iko sawa," Thuo alisema.

Wa tisa, aliandika, Wakiuru Thuo, mke wa afisa anayeandika haya. Na kwa kuwa Shauri Moyo peke yake ingeweza kuwa na akina Wakiuru watano, na kesho mtu angeweza kuja kudai alikuwa mwingine, aliingiza mkono mfukoni, akatoa kijitabu alichoandikia mambo ya nyumbani, akanakili namba yote ya kipande cha mke wake, kitambulisho chake, tarakimu kwa tarakimu. Chini yake akaongeza kwamba anaomba kesi ipewe afisa mwingine, na kwamba hakuna sababu ya Dishon Makokha kukaa seli saa moja zaidi.

Mkubwa alikuja akasoma akiwa amesimama. Alipofika wa tisa alisoma tena, akamtazama Thuo, akatazama kitabu. Kilichoandikwa mle hakichanwi. Kurasa zake zina namba.

"Umejimaliza," alisema polepole.

"Ndiyo, afande."

"Na Wakiuru anajua?"

"Nitamwambia jioni. Bomba letu ni namba ishirini na saba."

Mkubwa hakuelewa, wala hakuuliza. Alichukua funguo ukutani akaenda mwenyewe kufungua seli. Dishon alitokea akiwa bado ameshika suruali, akaona mkanda wake juu ya kaunta, akauangalia bila kuugusa, kama anayengoja ruhusa.

"Vaa," Thuo alimwambia. "Ni wako."